Nilimwambia Jilala "Karibu Tena"

Nkende, Tarime
14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Felix,

Marahaba! Naipokea shikamoo yako mapema, maana najua utasahau kuituma. Habari za Mtwara? Mguu wa wifi yangu Scholastica umepona? Sisi wazima. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Mimi nazidi kunenepa nyuma ya kaunta ya duka lako la dawa, mpaka koti jeupe limegoma kufunga vifungo.

Shangazi Wegesa ameleta debe la mahindi kutoka Itiryo. Fungu lako nimelila.

Sasa lile linaloninyima raha. Naliandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Unamkumbuka Jilala, yule Msukuma anayechimba dhahabu Kemambo? Huniita "daktari," nami naitika bila aibu. Wiki tatu sasa, kila baada ya siku mbili, hupita kununua vidonge vya maumivu ya mgongo. Jumatatu akasema tumbo linamchoma, na choo kimekuwa cheusi kama lami. Felix, hata mimi niliyesinzia kwenye kozi nalijua hilo: dawa zile huweza kuchubua tumbo likavuja damu. Mtu kama huyo haongezewi vidonge, anapelekwa hospitali.

Nikaanza kumweleza. Akacheka: "Daktari, nikilazwa, shimo langu atachimba nani? We nipe tu."

Nikaikumbuka sheria yako, mteja asitoke mikono mitupu. Nikampa vya maumivu, na vya kutuliza tumbo juu yake. Jioni ukayasifu mauzo kwenye simu. Na alipokuwa anatoka nilimwambia, kwa tabasamu lote, "Karibu tena."

Mgonjwa, Felix! Kana kwamba nauza maandazi.

Alipaswa kuja Jumatano. Leo Ijumaa, kimya. Pikipiki ikisimama nje nachungulia. Namba yake sina, kwenye daftari niliandika tu "Jilala, mgongo."

Kesho Jumamosi, siku yako ya mauzo makubwa, duka halifunguliwi. Naenda Kemambo kumtafuta shimo kwa shimo, mimi ninayehema kwa kwenda kisimani. Nikimkuta nampeleka hospitali mwenyewe. Na sheria ile siifuati tena. Ukikasirika, kasirika, mura. Mimi ndiye niliyekuogesha. Ukinifukuza, tafuta mwingine atakayeenewa na hili koti.

Wasalimie Scholastica na watoto, Teddy na Joel. Mama anawatemea mate ya baraka. Mungu awatunze nyote, na amtunze Jilala mpaka nifike.

Dada yako, akupendaye hata ukinuna,
Eunice