Askari Kumi na Moja Mlangoni

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Mungu amenikumbuka. Mimi Matheka, mchonga vinyago, niliyeacha shule darasa la saba — na mwalimu mkuu akalia siku hiyo — nimeandikwa kwenye utafiti wa chuo kikuu! Mwongeli, mtoto wa dada yangu, anasomea mambo ya kimataifa. Ameandika juu ya msako wa wakimbizi wa miaka ile, hapa mtaani kwetu Huruma. Ukurasa wa arobaini na moja ni mimi mtupu: nilivyosimama mlangoni na patasi, nikawarudisha askari kumi na moja, jirani yetu Wehliye akiwa amejificha ndani. Nimesoma mara nne. Ya tano nilimsomea kinyozi.
Ijumaa atausoma mbele ya wageni wa nchi sita. Kwangu si ajabu. Twiga niliowachonga wako Japani, nasikia wanalindwa na jeshi.

Jumanne, 16 Septemba
Mambo yamegeuka. Mkuu wa kitivo anataka sura ya msako itolewe. Eti wageni wanakuja kutia sahihi ushirikiano, si kusikia habari za askari. Mwalimu wa Mwongeli, Daktari Sagal, akakataa. Akasema chuo kinachomziba mwanafunzi mdomo hakina cha kuwaonyesha wageni. Sijawahi kumwona huyo mama, lakini nimemwombea! Wakaafikiana: sura itabaki, ila shahidi aje mwenyewe aulizwe. Likipatikana neno la uongo, mkuu ana haki ya kuiondoa yote.
Mwongeli kaja mbio. "Anko, shahidi ni wewe. Nakutegemea." Nikamwambia waniulize hata kwa Kifaransa.


Jumatano, 17 Septemba
Nimevunja shingo za twiga wawili.
Wacha niseme hapa, pasipo na mtu. Askari walikuwa watatu. Patasi ilikuwa karakanani. Mimi nilikuwa chini ya kitanda — mimi na Wehliye, kisigino chake kidevuni pangu. Aliyefungua mlango ni mke wangu Kalekye, mikono ina unga wa chapati. Akawauliza walilelewa na akina nani, hata wapekue nyumba ya mama aliye peke yake. Wakaenda zao.
Mwongeli alipokuja kurekodi, Kalekye alikuwa sokoni. Nikanogewa. Ulimi hauna mfupa.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimemwambia. Nilianza na "walikuwa kama tisa hivi". Akaniangalia vile mama yake huniangalia. Nikashuka hadi watatu. Nikashuka hadi chini ya kitanda.
Akalia. Nakala sitini zimeshapigwa chapa! Halafu akapangusa macho: "Anko, lakini hii ya kweli ndiyo tamu. Kwa nini ulininyima?"
Akampigia Daktari Sagal pale pale. Daktari akasema uhuru wa kusema unabeba pia uhuru wa kusema "nilikosea". Tuje wote wawili, mimi na Kalekye. Hakunitukana. Asante Mungu kwa watu waliosoma wakabaki na utu.
Wehliye, ambaye siku hizi ana karatasi zake zote, alicheka hadi akashika ukuta. "Wallahi Matheka, ulitetemeka mpaka kitanda kikalia! Nilikupiga teke unyamaze." Kisha akatoka dukani kwake na kitambaa cha kijani, akampa Kalekye. Eti shukrani yake imechelewa miaka.

Ijumaa, 19 Septemba
Naandika kwenye benchi nje ya ukumbi, Kalekye kando yangu. Namsikia Mwongeli ndani. Hajaruka hata mstari. Mkuu wa kitivo anakohoa, anakohoa. Sijui kama sura itabaki. Lakini mtoto wa dada yangu anasoma mbele ya nchi sita, na sauti haitetemeki — hiyo hakuitoa kwangu.
Amefika ukurasa wa arobaini na moja. Amesema: "Hapa nilikosea. Wenyewe wapo nje."
Nimemnong'oneza Kalekye: "Ukiogopa, nitaongea mimi."
"Utawaambia askari wangapi?"
Wameita Bwana Matheka. Amesimama Kalekye, anajifunga kile kitambaa cha kijani kichwani.