Laini ya Kibondo

Baba Ange,

Maharage yamo kwenye sufuria, yameiva. Ugali utasonga mwenyewe. Mbuzi hajanyweshwa.

Nimekwenda Kibondo na kaka. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Sijui nitarudi lini.

Asubuhi ulimsikia kaka mlangoni: “Dada, tumepiga simu ofisini kwenu tangu juzi. Inaita tu, hakuna anayepokea. Mama alikuulizia mpaka akakata roho. Jana tumemzika.”

Nami siku zote hizo nilikuwa pale mapokezi, simu iko mbele yangu, haiiti.

Ndipo ukatueleza, huku unakoroga chai, kwamba uliupanga upya mtambo wa simu wa ofisi yetu: kwenye laini ya Kibondo mwenye namba ya wakubwa apite, wengine wote wapelekwe simu ya stoo, maana wanasumbua. Stoo kuna mahema na panya tu, hakuna mtu wa kupokea.

Kaka akauliza, “Shemeji, hukujua mkweo yuko hospitali?”

Ukacheka. “Mtambo haujui mkwe, shemeji. Angepiga bosi, angepita.”

Naandika maneno yako kama yalivyo, nisije nikayasahau. Chai uliimaliza, ukaongeza kikombe.

Shati la kazini liko kambani, limekauka. Wakubwa wapo leo, upendeze.

Ange bado hajui. Nimemwambia tu akitoka shule baba ana jambo la kumweleza; ni wewe utamwambia kwa nini bibi amezikwa bila sisi. Mweleze kwa Kiha, lugha ya bibi yake, aelewe vizuri. Atakuuliza kama bibi alimtaja. Alimtaja. Wewe hakukutaja.

Mama Ange