Mgongo Unaouma "Zamani"

Ijumaa, Machi 1966. Magomeni, Mtwara.

Mvua inanyesha tangu alfajiri, na mimi tangu mchana naogopa.

Mume wangu, Baba Zuhura, bado yuko chali kitandani. Ni kuli wa bandarini. Msimu huu wa korosho gunia lilimponyoka mwenzake juu, likamwangukia yeye mgongoni. Tangu hapo mguu wa kushoto haumtii. Daktari anasema uti wa mgongo upasuliwe, tena upesi, na hapa hawawezi, mpaka Nairobi. Tukichelewa, na mguu wa pili utapooza.

Nairobi! Mimi hata Lindi nimefika mara moja tu, tena msibani.

Kampuni ilituambia tusihangaike, bima italipa. Nikatulia, mjinga mimi. Leo baada ya sala ya Ijumaa amekuja rafiki yake Hamisi, karani wa kampuni. Hakutaka hata kukaa.

"Shemeji, bima huenda wakakataa. Kaka mwenyewe kasema mgongo unamuuma toka zamani. Ugonjwa wa kabla ya kazi hawalipi."

Nikaapa kuwa si kweli. Mgongo ule ulikuwa mzima kuliko wangu. Hamisi alipoondoka nikamuuliza mwenyewe alisema nini.

Kumbe bwana wa bima alimuuliza juzi maumivu yalianza lini, naye akajibu, "Ah, zamani, bwana." Ndivyo tusemavyo watu wa pwani, naye kutuzidi sote. Chai ikichemka sasa hivi, kwake imechemka zamani. Yule bwana kaandika alichosikia.

Bwana huyo anarudi kesho asubuhi, kisha anapanda ndege kwenda zake. Tangu Hamisi aondoke nimekuwa nikimfundisha mume wangu kama mtoto wa chuoni: sema "tangu siku ya gunia." Anaitikia vizuri tu.

Bima wakikataa, tuna mikorosho ya marehemu baba, nayo ikiuzwa yote haitoshi. Kuna neno limenizunguka kichwani tangu hapo, sikutaka kuliandika. Kiwete. Haya, nimeliandika, na hofu haikupungua.

Jioni nilimpa uji, nikatoka kukinga maji ya mvua. Niliporudi nikamuuliza kama ameshakunywa.

"Zamani, Mama Zuhura."

Bakuli lilikuwa bado la moto.

Nilitaka kucheka, nikalia. Mtu huyu hafundishiki, na kesho ni kesho.

Kwa hiyo nimeamua. Bwana wa bima haulizi swali nyumbani kwangu kabla hajala. Nitamwandalia uji na muhogo, nimwache kidogo, kisha nirudi nimuulize kama amemaliza. Ni mtu wa pwani naye, wa Tanga huko. Ee Mola, mwondolee kile Kiswahili cha ofisini japo kwa jibu moja, anijibu "zamani" kama tunavyojibu sisi, ajisikie mwenyewe kabla hajamuuliza mume wangu.