Siri ya Binti Yangu Nimeifundisha Darasani

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi marahaba, tusigombanie hilo maana nina zito zaidi linalotaka kichwa cha mtu aliyelala akaamka vizuri, changu mimi kimechoka. Dada yangu hunisomea safu yako kwenye simu kila ikitoka, yeye anasoma huku anaangua kicheko, mimi nasikiliza nimeloweka miguu kwenye beseni, na safari hii nimemwambia mdogo wangu wee, usicheke, huyo ni mimi.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, mjane, nina mtoto mmoja tu wa kike ambaye tangu mdogo tunamwita Kidege, na huu ni mwaka wa saba niko nchi za watu nafundisha Kiingereza. Najua umeshaanza kushangaa, maana hata mwandiko huu unajisema wenyewe, shule niliiacha mapema, tulipofika hesabu za kugawanya nikasema hapa tugawane njia. Kiingereza changu nilikiokota jikoni kwa mabosi nikiwa yaya, wakahama nikahama nao mpaka huku, watoto wakakua, mabosi wakaondoka, mimi nikabaki na sanduku langu. Siku moja nagombana na mwenye nyumba pale kwenye ngazi kwa sababu ya maji yasiyopanda juu, nagombana Kiingereza kitamu mpaka majirani wanafungua milango, ndipo akapita mzee mmoja mwenye shule ya lugha, akasimama, akasikiliza ugomvi mpaka mwisho, akaniambia, "Mama, wewe unafaa darasa la mazungumzo."

Shule yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la viatu, darasa lote linanuka ngozi mpya. Na darasa la mazungumzo halina kitabu, ni watu wazima wanatoka makazini mwao wanakaa duara, na ticha kazi yake ni kuwafanya waongee. Mwenye shule ana sheria moja, darasa lisinyamaze. Anapita kwenye korido, akisikia kimya anagonga kioo cha mlango kwa pete yake, ko ko ko, hapo mimi lazima nitoe kitu. Sasa mshauri, mtu kashinda kazini amechoka, ukimuuliza leo umefanya nini anakwambia nimefanya kazi, na kesho utafanya nini, nitafanya kazi, mazungumzo yamekwisha hapo. Ila ukimpa umbea! Haki ya Mungu anaamka. Ukisema jirani yangu kule nyumbani alimfumania mumewe kajificha ndani ya pipa la maji, hata yule aliyekuwa anasinzia ana swali, pipa lilikuwa na maji au halina?

Basi nikawapa. Nikawapa majirani wakaisha, nikawapa ukoo mzima mpaka binamu wa binamu, nikawapa marehemu mume wangu, na marehemu Mungu amrehemu alikuwa na vituko, lakini vituko vya marehemu haviongezeki, ukishavimaliza umevimaliza. Nikatoa utoto wangu, nikatoa magonjwa yangu. Darasa likitoka linaingia jingine, asubuhi mpaka jioni mdomo haufungwi, ikafika mahali nasimama pale kama mama aliyefunua sufuria watoto wana njaa na ndani mna maji matupu. Maisha yangu yote nimeshayasimulia, yameisha. Ndipo nikaanza kuwapa ya Kidege.

Nilijiambia, huku nani atamjua? Kidege ameolewa na fundi umeme, kijana mzuri tu, wamekaa muda mrefu wanatafuta mtoto. Mimba ilipoingia mume alikuwa ametoka kufanya kazi mbali, akahesabu miezi yake vibaya, akasema hii hainihusu, akabeba nguo akaondoka, mama yake anadhani yuko kazini. Mwanangu akanipigia mimi peke yangu analia mpaka maneno yanakwama, akasema, "Mama, hili lisitoke kwako, hata mama mdogo asijue. Mama mkwe akilijua nitaishije mimi nyumba hii?" Nikamwambia mwanangu, nimeziba.

Na kweli niliziba! Nyumbani hakuna aliyejua, hata dada yangu, mimi ambaye mtaa mzima walikuwa wananiita Redio. Kwa Kiswahili sikulitamka. Ila darasani pete ikigonga natoa kipande, ikigonga tena natoa kingine. Walimchukia yule mume wee! Muuza maua mmoja alitoa machozi kabisa. Baadaye kijana alieleweshwa hospitali, akaona aibu, akarudi akapiga magoti, yakaisha wao wawili ndani, na kurudi kwenyewe sikuwahi kuwasimulia darasani maana tulikuwa likizo. Mama mkwe hakujua lolote.

Siku ya siku tunakaribia kumaliza kipindi, Kidege akapiga simu ya picha. Mimi kwa furaha nikapokea na kuwageuzia darasa, "Huyu hapa Kidege!" Darasa likalipuka, Kidege! Kidege! wanampungia mikono kama wanampokea uwanja wa ndege. Mwanangu akacheka, kashika tumbo, na pembeni yake kakaa mama mkwe, nesi mstaafu, Kiingereza anakijua kuliko mimi. Hapo mwanafunzi wangu mmoja mwoka mikate akanyoosha mkono. Huyu baba huja na unga kwenye nyusi, na tangu aanze hajawahi kuuliza swali likafika mwisho, maneno yanamdondoka njiani. Siku hiyo kasimama, kashika kofia yake, kauliza polepole kwa heshima zote, neno moja moja limenyooka: je, mumeo sasa amekubali kwamba mtoto ni wake?

Na mimi, mshauri, kabla akili haijafika, mdomo ulishafika. Nikapiga makofi nikasema kwa sauti, "Veri gudi!"

Kidege akaniangalia. Nilisikia mama mkwe anauliza, "Huyu anasema nini?" picha ikakatika. Darasa likanyamaza kimya, na pete ikagonga kioo.

Tangu hapo simu yangu hapokei. Dada ndiye ananiletea habari, kwamba mama mkwe alimwita mwanawe akamkalisha chini wakasemana, na sasa nyumba imezizima, mama mkwe anapika anaweka mezani bila neno, anamtazama mwanangu tumbo halafu anatazama pembeni. Na Kidege, ambaye mwanzo ndiye aliyeniomba nije niwe naye akijifungua, amemwambia dada, "Mwambie Mama asije. Kwake mimi ni somo."

Sasa siku zake zimekaribia. Mwenye shule kaweka mezani mkataba mpya wa miaka miwili, kasema nikiondoka sasa hivi nafasi anampa mwingine. Dada anasema we njoo, hasira ya mzazi wa kwanza huishia leba. Moyo unasema nenda, aibu inasema umekatazwa, kaa. Na kuna jingine sijamwambia dada, naogopa. Nikifika nitamwambia nini? Siku hizi nikitoka kazini nakaa kitandani na viatu miguuni, simu mkononi, sina hata neno moja lililobaki, na nikilitafuta linakuja lilelile la darasani, habari za leo, umefanya nini, vizuri sana. Halafu wanafunzi kila siku wananiuliza, Ticha, Kidege kajifungua? Mwoka mikate kaleta kofia ndogo ya sufu kafuma mkewe, masikini hajui alichofanya, nikimtazama natamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Niende nilikokatazwa, au nitie sahihi nibaki? Nijibu upesi mwenzangu, tumbo halisubiri gazeti.

Ni mimi, Redio Iliyoisha Betri, nchi za watu

*

Redio, pole. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, siwezi kukudanganya. Mara ya pili sikucheka.

Uchovu wako nauamini. Watu hudhani anayebeba magunia ndiye peke yake anayechoka, hawajui kwamba mdomo nao una mgongo. Mtu anayelipwa aongee hata asipokuwa na la kusema, mwisho huanza kuuza vyombo vya ndani. Wewe uliuza vyako vikaisha, ukaingia chumbani kwa mwanao ukabeba na vyake. Pole yangu inaishia hapo mlangoni.

Unajitetea eti kwa Kiswahili hukulitamka. Mama wee! Mwanao alikwambia lisitoke kwako, hakukwambia lisitoke kwa Kiswahili. Na usimtupie mwoka mikate, yule aliuliza kwa sababu anamjali mtoto uliyempa amjali, ukamwachia hadithi katikati mume akiwa bado hajarudi. Wala usiitupie pete. Pete ilitaka maneno, haikutaka ya Kidege. Ungeweza kutunga! Umbea si lazima uwe wa kweli, leo wewe ndiye wa kufundishwa hilo na mimi?

Tena nikwambie. Barua uliyoleta ilikuwa ndefu kuliko hii iliyochapishwa. Nimekata mambo ya mwanao na mumewe ambayo sikuyahitaji ili nikujibu, na wewe wala hukuona kwamba yanafaa kukatwa. Unaniomba dawa ya mdomo huku umeufungulia gazeti. Unaona ugonjwa ulipo?

Sasa nisikilize. Usitie sahihi. Kazi ya kukaa duara na kuwauliza watu leo wamefanya nini utaipata tena, kama si hapo basi juu ya duka jingine. Mwambie mzee wa pete kwamba unaondoka, akitaka kukusubiri akusubiri. Na ukirudi kazini omba darasa la watoto wadogo, wale wanaimba na kurukaruka, hawana habari na wakwe za watu.

Kabla hujaondoka, mpigie yule nesi. Yeye kwanza, kwa sababu ndiye ambaye mwanao anaamka naye na kula naye. Mwambie ulitangaza kwa watu baki ugomvi ambao watoto walishaumaliza wenyewe, kwamba kijana wake alirudi kwa mkewe kwa hiari yake na kuomba radhi, na kwamba binti yako hana kosa hata la ukucha. Halafu nyamaza umwache aseme. Atakusema, nesi wa miaka yote hiyo anajua pa kuchoma sindano. Usijitetee. Usimsimulie habari za unga kwenye nyusi. Usimchekeshe.

Kidege usimpigie, mwandikie. Andika hivi: Nimekukosea. Narudi. Nitakuwa kwa mama mdogo wako, ukinitaka nitakuja. Ukimaliza hapo, tuma, usiongeze. Amekukataza kwake, hakukukataza kwa dada yako, kwa hiyo fikia kwa dada na ukae huko. Mlango ni wake, aufungue mwenyewe. Akijifungua kabla hajakuita, chukua nguo za mtoto kwa mkono wa dada, fua, anika, kunja, rudisha. Usitie salamu ndani yake. Na dada yako mwambie asikuletee habari za nyumba ile tena, ameshakuletea za kutosha.

Siwezi kukuahidi atakuita lini. Ila uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye anakwenda kuujua, huenda ukamlainisha. Akikuita, unaniambia unaogopa hutakuwa na la kusema. Mwenzangu, hiyo ndiyo nafuu yenyewe! Ingia, nawa mikono, fanya kazi iliyoko mbele yako. Akinyamaza, nyamaza naye, kule hakuna wa kugonga kioo. Usimuulize maswali. Na kusifu kwako kule, tafadhali, kaache uwanja wa ndege. Mtoto akilia mpakate, umsimulie yeye yote yaliyobaki tumboni mwako, pipa la maji na vituko vya marehemu babu yake. Huyo hatayatoa popote.

Kofia ya mwoka mikate ichukue, imefumwa kwa mapenzi. Darasani aga kwamba unasafiri, wakiuliza Kidege kajifungua nini, sema hujui. Wakiuliza tena, waulize wao leo wamefanya nini, na wakikujibu nimefanya kazi, liache darasa linyamaze.

Na mimi vilevile, Redio. Mtoto akifika, usiniandikie kama ni wa kike au wa kiume, kafanana na nani, mlango ulifunguliwa au haukufunguliwa. Nitatamani mno kujua, na wasomaji watanisumbua mpaka nikome. Usiniandikie.