Fahmi, Kijiji Kimerudi

Mwaka umetimia, Fahmi, tangu wenzako walipokuleta Matondoni umefunikwa bendera. Ulikuwa na miaka ishirini na minne.

Baba yako alitaka ushike tezo, uunde vyombo vya baharini kama yeye. "Jeshini wako wengi," alikwambia. Ukamjibu, "Na wanaohamishwa kwa bunduki ni wengi pia, baba. Nipe radhi zako." Akakupa, akageuka usimwone machozi.

Ulikuwa mcheshi hata mahali pasipotakiwa kicheko. Kwenye Maulidi sauti yako ilikuwa mbovu, na ndiyo iliyosikika kupita zote. Ukija likizo, ulifika jikoni kabla hujavua viatu, ukafunua sufuria, ukala umesimama. Mama alikugombeza, kisha akakuongeza.

Siku ile mlikuwa mkiwatoa wanakijiji huko bara baada ya kushambuliwa. Penye daraja mkaviziwa. Rafiki yako Crispus, aliyekuwa dereva, alikuja mwenyewe kutusimulia. Lori lilijaa akina mama, wazee na watoto. Uliruka chini na bunduki yako, ukalala ukingoni.

"Endesha, Crispus. Usiniangalie mimi, angalia barabara."

Lori likavuka. Wenzako waliporudi kukuchukua, adui alikuwa amekimbia, nawe umeshatangulia mbele ya Haki. Katika wote waliokuwa ndani ya lori, hakufa hata mmoja.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Alijua kuwa wamevuka?"

"Alijua, mama. Nilimsikia kwenye redio akisema Alhamdulillahi."

Tangu hapo mama hupata usingizi.

Sasa pokea habari, mwanetu. Kijiji kimerudi. Nyumba zimeezekwa, skuli imefunguliwa, na simsim imestawi mwaka huu. Mwezi uliopita walivuka maji na magunia yao, wakaja mpaka mlangoni kwetu, wanawake wakipiga vigelegele tangu gatini. Mkubwa wao akasema, "Bwana Bakr, haya ni mavuno ya mwanao." Baba yako, ambaye tangu maziko alikuwa haneni ila la lazima, akatoka nje akanena kwa sauti iliyojaa mtaa: "Karibuni. Hapa ndipo kwao Fahmi."

Wanaokukumbuka ni wazazi wako, Bwana Bakr na Bi Ruqaiya. Dada zako, Israa na Nusra. Crispus, ambaye mama humwita mwanangu. Na kijiji kizima ulichokivusha. Mola akuweke pamoja na mashahidi.

Siku zote utatajwa katika nyumba hii, na utatajwa kwa fahari.