Sikio la Mzee wa Ihembe

Mama yangu, shikamoo.

Huku Karagwe tunachunguza kama redio huleta uvimbe kichwani. Jana, Ihembe, mzee mwenye uvimbe upande wa kulia alituambia bila kusita kwamba miaka yote redio aliiweka kwenye sikio la kulia. Wenzangu waliandika, wakaaga. Mimi nilibaki nitafune kwanza kahawa ya mgeni, zile buni kavu za huku, maana ulinifundisha nisikatae cha mwenyeji. Ndipo mkewe akamwambia taratibu, “Baba Koku, sikio hilo si halisikii tangu utoto?” Mzee akashika la kushoto. Hakudanganya, Mama. Maumivu yalikuwa yanatafuta pa kulaumu.

Leo, baada ya kumsimulia, kiongozi wetu ameagiza asiondoke mtu kabla kahawa haijaisha. Aliponiuliza nimesomea wapi utaratibu huo, nilimtajia jikoni kwako.

Mungu akutunze,
Neema wako