Sauti ya Pili Ilikuwa Upande wa Kushoto

Mama Baluku, mke wangu,

Uniwie radhi kwa kukawia kukuandikia. Tangu tulipokulaza hapa nyuma ya mibuni imetimia miaka miwili, na mara tatu nimekaa na kalamu nikaishia kuandika mahali na tarehe tu, upande wa juu kulia, kama tulivyofundishwa misheni, kisha nikaikunja karatasi. Leo nina neno ambalo siwezi kulikunja. Ni neno la kuomba msamaha, lakini nakusihi usidhani ninaandika kwa majonzi. Wiki nzima nimekuwa na furaha, hata Baluku mwanetu ameniuliza kwa simu kama nimeanza kunywa pombe ya ndizi.

Habari za nyumbani kwanza, kwa sababu ungeziuliza. Kahawa imezaa vizuri. Paa la jikoni halivuji tena. Yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, na wote wawili wana ukaidi wake.

Sasa neno lenyewe. Unazikumbuka hedifoni kubwa nyeusi, ambazo kaka yako alipewa na mgeni mmoja alipokuwa akibeba mizigo ya wapanda mlima kule Nyakalengija? Alituletea sisi kwa sababu yeye hakuwa na chombo cha kuzichomeka. Uliniambia nikizivaa nafanana na rubani aliyepotelewa na ndege. Baada ya spika ya redio-kaseti yetu kuingia maji, nilizitumia kusikiliza kila kitu: habari, mahubiri, na ule mkanda wa kwaya niliyokuwa nikiifundisha, tuliourekodi kanisani kwa vipaza sauti viwili. Upande wa kulia ulisema. Wa kushoto ulinyamaza. Sikushangaa, maana sikio langu la kushoto, ujuavyo, ni zito tangu lile kofi la bwenini. Nazo hedifoni zimeandikwa herufi za kuonyesha upande wa kila sikio, nami, mtu niliyelelewa kutii kilichoandikwa, sikuzigeuza hata siku moja. Miaka zaidi ya ishirini, Biira! Wewe ungezigeuza siku ile ile.

Mwezi uliopita hata upande wa kulia ulianza kukwaruza. Nikaenda Kasese, kwa Hajji mmoja anayeuza vifaa vya redio karibu na stendi ya teksi. Aliishika waya yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mjusi. "Mzee wangu, hii ni uzi ya kushona kiatu! Weka hii nene, ya shaba. Utasikia mpaka mtu akimeza mate." Nikainunua. Yeye huuza tu, halehemu, kwa hiyo nikarudi nayo Bwera kwa fundi mwanamke aitwaye Mama Kavira, aliyevuka kutoka Kongo na kuweka meza yake kando ya soko.

Mama Kavira hakuvutiwa na shaba yangu. "Muzee, waya munene haifundishe mutu kuimba. Tuone kwanza hii ya zamani ilikufia wapi." Akafungua kikombe cha kushoto kwa bisibisi ndogo. Waya ilikuwa imekatika ndani kabisa, penye mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki. Akaniuliza upande ule ulinyamaza tangu lini. Nikamweleza habari za sikio langu, za bweni, na za mwalimu wa zamu, kwa urefu ambao sasa naona haya kuukumbuka. Alinisikiliza kwa adabu huku akilehemu ile waya mpya ya Hajji. "Muzee, sikio yako iko na kesi yake. Lakini hapa ni waya njo ilikufa." Kisha akazichomeka kwenye redio niliyokuwa nimeibeba, akanivika kinyume, kikombe cha kushoto juu ya sikio langu zima.

Mkanda uliokuwamo ulikuwa ule wa kwaya.

Biira, ulikuwamo.

Wewe na wenzako wa sauti ya pili mlisimama kushoto siku ile, mbele ya kipaza sauti chenu, na sauti yenu yote iliishi ndani ya kikombe hicho kimoja. Katika ubeti wa tatu, pale sauti ya kwanza wanapopanda na kuanza kuyumba, wewe huyumbi. Unaishika noti mpaka wanaipata tena. Nilikuwa nikiwasifu wao kwa kurudi vizuri. Nisamehe. Walikuwa wakirudi kwako.

Nililia pale mezani, mbele ya watu wanaonunua nyanya. "Lia tu, Muzee," akasema Mama Kavira, "lakini usiloweshe kazi yangu." Kisha akazivaa mwenyewe, akasikiliza, akauliza ni mama gani yule anayewabeba wote. Nikamjibu kuwa ni mke wangu. Sikusema ulikuwa.

Unaijua siku ninayoiombea msamaha. Tulipaswa kuchagua waimbaji kumi na wawili wa kwenda kuimba kwenye sikukuu ya kanisa, Kasese. Nilikuwa mezani na hedifoni zile kichwani, nawe ulikuwa uani ukichambua kahawa pamoja na wenzako wanne wa sauti ya pili. Nikasema, wote wakisikia: "Mama Baluku, nimesikiliza mara tano. Sauti ya pili haisikiki, na yako haimo kabisa." Nikawaacha wote watano. Hukubishana. Ulisema, "Sawa, Mwalimu."

Nyumbani hukuwahi kuniita Mwalimu.

Toka hapo hukuimba tena kanisani. Uliimba ukiwa na kahawa yako tu, nami nikipita unanyamaza. Mimi, mjinga, nilidhani ni heshima.

Jumamosi iliyopita nilimwomba mwalimu wa kwaya wa sasa anipe dakika tano. Nilisimama mbele yao, nikaeleza kosa langu lote bila kulipamba. Kati ya wale wanne, amebaki Mama Ithungu peke yake. Alizivaa hedifoni juu ya kitambaa chake, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akapaza sauti, kama wafanyavyo watu waliozibwa masikio: "Kumbe Mwalimu, tulikuwa tunaimba! Na wewe ukatunyima Kasese!" Kanisa zima likacheka, nami nikacheka, ingawa nilistahili zaidi ya kicheko. Alipozivua akaniambia taratibu, "Biira hakukuchukia. Alituambia tukuombee masikio."

Sikujua, mke wangu. Ahsante kwa maombi hayo. Yamechelewa kidogo, lakini yamefika.

Mama Ithungu hakuishia hapo. Alidai walipwe Kasese yao. Yeye na kwaya wameafikiana kwamba atawafundisha wanawake wa sasa sauti ya pili kama ulivyoiimba, kutoka kwenye mkanda, noti kwa noti, na mwaka huu wataipeleka kwenye sikukuu. Watakuwa wakija hapa nyumbani kila Alhamisi wakitoka shambani, na Alhamisi hii wameanza kupokezana hedifoni. Waya ya Hajji ni nene na nzito, tayari imeangusha vikombe viwili vya chai. Kama imeongeza uzuri wa sauti siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba imefika hadi mwisho wake.

Wamenipangia kazi. Siku ya safari nitawabebea kapu la chakula, na Mama Ithungu amefafanua sababu mbele ya wote: mtu mwenye mikono iliyojaa hawezi kuongoza wimbo. Nimekubali, na kwako naahidi hivi: nitalibeba kapu hilo hadi mlango wa kanisa la Kasese, sitasahihisha mtu yeyote, na nitasimama nalo nikisikiliza mpaka ubeti wa tatu upite.

Pumzika kwa amani, Biira. Samahani kwa mwandiko.

Ni mimi mumeo,
Baba Baluku